Land Rover ya Zamani, Vipande Vipya: Jinsi ya Kuifanya Bodi Ikae Sawa

Pale Dumila, barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, Land Rover ya zamani si gari la maonyesho. Ni gari la kazi. Hubeba mazao kutoka mashambani, hupita njia ambazo gari dogo huzikimbia mvua zikianza, na wenzake wa upande wa Uluguru hushusha ndizi na mboga kutoka Matombo na Mgeta. Injini yake ikichoka, fundi yupo. Gia zikilia, fundi yupo. Kinachowashinda wengi ni bodi. Mlango mpya umenunuliwa Dar es Salaam kwa fedha nyingi, umefika salama, umefungwa kwenye bawaba, na haufungi. Juu unagusa, chini umeacha upenyo wa kuingiza kidole. Fundi anachukua nyundo, na hapo hasara inaanza.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye gari, na ni wa fundi wako pia. Kanuni yake kuu ni moja: usiulaumu mlango kabla ya kuipima chasisi, na usikate wala kutoboa kitu chochote mpaka bodi nzima iwe imesimama kwa bolti zilizolegea. Anayeifuata kanuni hii hatumii nyundo sana, na mara nyingi haihitaji kabisa.

Kwa nini kipande kipya hakikai

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright na kuifunga juu ya chasisi ya chuma. Vipande vingi vilishikwa kwa bolti, ili mkulima aliye mbali na karakana aweze kuvifungua na kuvibadilisha. Uamuzi huo ndio uliolipa gari hili maisha marefu. Lakini bodi ya bolti haina vipimo vinavyojileta vyenyewe. Hata kiwandani mianya ilipatikana kwa kulegeza, kusogeza, kuweka shimu, yaani vipande vyembamba vya bati vya kujazia nafasi, na kukaza.

Series III, ambayo ndiyo 109 wanayoijua wengi hapa kwetu, ilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Defender, mrithi wake, ilikoma kutengenezwa pale Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Tangu hapo vipande vingi vya bodi vinavyouzwa ni vya nakala: viwanda vingine huchukua kipande cha zamani, hukipima na kutengeneza kinachofanana nacho. Kama kile cha mfano kilikuwa kimepinda kidogo, nakala zake zote zitazaliwa na mpindo huo.

Hata hivyo, nakala mbaya ni sababu moja tu. Sababu ya pili ni gari lenyewe. Miaka 40 ya kubeba mizigo, kugonga makorongo na kuvutwa kwenye matope huisogeza chasisi na ukuta wa injini pole pole. Mlango wa zamani ulipinda pamoja nao, ukazoea. Mlango mpya umekuja umenyooka, nao unawekwa kwenye tundu lililopinda. Sababu ya tatu ni matengenezo ya nyuma: mtu alichomelea kipande bila kupima, akatoboa tundu jipya, akaweka bolti isiyo yake. Kabla hujaurudisha mlango dukani, jiulize ni ipi kati ya hizi tatu inayokusumbua.

Jua gari lako kabla ya kununua

Land Rover zinafanana kwa macho ya mbali, vipande vyake havifanani. Series I, iliyotengenezwa hadi 1958, ina mbavu zilizonyooka. Kuanzia Series II mbavu zina tumbo lililotoka kidogo chini ya mstari wa dirisha, hivyo mlango wa moja hauendi kwa nyingine. Kwenye Series II na IIA za mwanzo taa kubwa zimekaa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye madigadi, na Series III ikaja na wavu wa plastiki pamoja na bawaba za mlango zilizolala zaidi. Gari aina ya 110, lililotoka mwaka 1983, lina uso uliosogea mbele na kioo cha mbele cha kipande kimoja, tofauti na vioo viwili vya 109. Ukuta wake wa injini si wa Series hata kidogo.

Kwa hiyo usiende dukani ukasema tu, "Naomba mlango wa Land Rover." Nenda na namba ya chasisi, picha za pande zote, na vipimo: urefu wa mlango juu na chini, umbali kati ya bawaba na bawaba, umbali wa kitasa kutoka ukingo wa chini. Kumbuka pia kwamba milango mingi ya Series ni ya vipande viwili. Sehemu ya chini ni moja, na fremu ya dirisha hufungwa juu yake kwa bolti. Uliza kama bei unayotajiwa ni ya kipande kimoja au vyote viwili.

Gari lako huenda si la aina moja. Magari mengi ya kazi yameunganishwa kutoka magari mawili au matatu: chasisi ya mwaka huu, uso wa mwaka ule. Pima kila upande peke yake. Usidhani mlango wa kulia ukijulikana, wa kushoto umeshajulikana.

Ukiwa dukani, iwe ni Gerezani, Dar es Salaam, au kwingine, weka kipande kipya sakafuni palipo tambarare, utazame kama pembe zote nne zinagusa. Weka rula ya chuma kwenye kingo. Tazama kwa ndani: je, fremu ya chuma imepakwa rangi, au ni bati tupu? Hesabu matundu na uyalinganishe na picha zako. Kipande kisicho na matundu si kibovu kwa sababu hiyo. Wakati mwingine ni afadhali, kwa kuwa utatoboa mahali gari lako linapotaka. Kibaya ni chenye matundu yasiyo mahali pake.

Kukisafirisha ni kazi nyingine. Alumini ni laini, na digadi iliyolazwa chini ya magunia kwenye buti la basi hufika Dumila imeshapata sura mpya. Izungushie godoro jembamba au blanketi, isimamishe wima, na ikague mbele ya kondakta kabla hajaondoka.

Vifaa vya kazi

Huhitaji karakana kubwa. Unahitaji sakafu ya saruji au ardhi ngumu iliyosawazishwa, jeki mbili, stendi nne imara, futi ya utepe ya chuma, pima maji, timazi, na mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wautumiao waashi kusawazisha msingi. Ongeza drili, tupa, nyundo ya raba, vipande vya mbao laini, klampu kadhaa, na shimu za unene mbalimbali. Shimu unaweza kuzikata mwenyewe kutoka bati la milimita moja na milimita moja na nusu.

Jali sana bolti. Land Rover za Series zilifungwa kwa bolti za nchi, na bodi imeshikwa zaidi na za robo nchi. Bolti hiyo ina unene wa milimita 6.35, wakati bolti ya kisasa inayofanana nayo kwa macho ina milimita 6 kamili. Nati ya moja haiendi kwa nyingine. Ukiilazimisha unaharibu nyuzi, na bolti italegea barabarani. Spana namba 11 hushika kichwa cha bolti ya robo nchi vizuri, namba 10 ni ya bolti ya milimita 6. Tenganisha mikebe miwili tangu siku ya kwanza: nchi huku, milimita kule.

Anza na chasisi

Weka gari juu ya stendi, magurudumu yakining'inia au yakiwa yametolewa, na usawazishe chasisi kwa mpira wa maji. Jaza maji, toa mapovu yote, kisha shika ncha moja kwenye mhimili wa kushoto na nyingine kwenye wa kulia, mahali panapolingana. Fanya hivyo mbele, katikati na nyuma. Kama mbele na nyuma ni sawa lakini katikati upande mmoja umeshuka, chasisi imejikunja. Kama mbele imeinama kushoto na nyuma imeinama kulia, chasisi imejisokota.

Kisha pima mshazari. Chagua tundu la mkono wa chasisi wa mbele, upande wa kulia, na tundu la pembe ya nyuma ya kushoto, pima. Pima mshazari wa pili. Ili utepe usipinde kwenye vyuma, dondosha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni, na upime kati ya alama. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 au 6, chasisi haiko mraba, na hakuna mlango utakaokaa vizuri kabla hujalishughulikia hilo.

Kagua mikono ya chasisi, ile inayotokeza pembeni kuushika ukuta wa injini na bodi. Tope la masika hujikusanya juu yake, likikauka hushika unyevu kwa ndani, na chuma huliwa bila kuonekana. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Mkono uliooza ukibadilishwa, pima mahali pa tundu lake kabla hujaukata wa zamani, na uandike kipimo hicho ukutani au kwenye daftari. Ukihitaji kubadilisha chasisi nzima, onana na TRA kwanza, maana namba ya chasisi ndiyo utambulisho wa gari lako kisheria.

Ukuta wa injini ndio unaoamua

Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma, na ndio unaobeba bawaba za milango, fremu ya kioo cha mbele, boneti na sehemu ya nyuma ya madigadi. Ukisogea milimita tano, kila kitu kinasogea. Kwa bahati mbaya ndio huoza mapema, hasa sakafu za miguu na nguzo za mlango kwa chini.

Ukuta mpya wa nakala ukifika, usiupake rangi ya mwisho. Usimamishe mahali pake kwa bolti zake kubwa za chini, moja kila upande, zikiwa zimekazwa kwa mkono tu, na fungua viungo vinavyoushikiza kwenye chasisi upande wa injini. Ukiwa legevu hivyo, ukuta huweza kuegemea mbele au nyuma kwa kuzunguka kwenye bolti hizo mbili. Uhuru huo ndio utakaokupa mianya mizuri ya milango. Pima pia kushoto na kulia: ukuta ukae katikati ya chasisi, na shimu ziwekwe pande zote mbili za mkono ili usicheze.

Sasa weka bodi ya nyuma, nayo kwa bolti legevu. Nguzo yake ya mbele ndiyo inayopokea kitasa cha mlango. Kati ya nguzo ya ukuta wa injini na nguzo ya bodi ya nyuma kuna nafasi wazi yenye umbo la mlango, na umbo hilo ndilo unalolijenga. Pima mshazari wake kama ulivyopima chasisi.

Milango

Ning'iniza mlango wa zamani kwanza kama bado upo. Utakuonyesha mahali bodi ilipokuwa inakaa. Kisha weka mpya, na weka yote miwili, wa kulia na wa kushoto, kabla ya kukaza chochote. Fundi anayemaliza upande mmoja na kuukaza, halafu akageukia wa pili, hukuta upande wa pili hauna pa kwenda.

Usitafute mianya ya gari la saluni. Kwenye Land Rover, mwanya wa milimita 5 au 6 unaolingana kutoka juu hadi chini ni kazi nzuri, na unauacha mlango ufanye kazi chasisi inapojisokota njiani. Mwanya wa milimita 2 utapendeza uwanjani, kisha mlango utagusa nguzo kwenye korongo la kwanza na rangi itatoka.

Usome mwanya kabla ya kugusa spana. Ukibana juu karibu na nguzo ya kitasa na kufunguka chini, ukuta wa injini umeegemea nyuma: usukume mbele kidogo kwa juu. Ukifunguka juu na kubana chini, ukuta umeegemea mbele. Mwanya ukiwa sawa mbele lakini mlango umeshuka upande wa kitasa, shuku bawaba: nyanyua mlango kwa mkono, na ukiona unacheza, pini au bushi imekwisha. Bawaba zilizolika hazirekebishwi kwa shimu. Badilisha.

Bawaba zikiwa nzima, shimu hufanya kazi ndogo iliyobaki. Weka kipande chembamba nyuma ya bawaba moja, kaza, tazama mlango umeelekea wapi. Kwa kuwa mlango ni mrefu kuliko umbali kati ya bawaba zake, milimita moja kwenye bawaba hutoka zaidi ya milimita moja upande wa kitasa. Ongeza kidogo kidogo, na andika kila shimu unayoweka.

Mlango ukikaa vizuri juu lakini ukatokeza nje kwa chini, umejisokota. Weka kibao laini kati ya mlango na nguzo kwenye pembe ya juu, funga mpaka uguse kibao, kisha sukuma pembe ya chini kwa goti, kwa upole, mara kadhaa. Tazama baada ya kila msukumo. Ukitokeza juu, kibao kikae chini na usukume juu. Fremu ya ndani ni ya chuma na itakubali, ila bati la alumini la nje halitaki kupigwa. Ukikunja kupita kiasi, kurudisha ni kazi ngumu kuliko ile uliyokuwa nayo.

Fremu ya dirisha huja mwisho, fremu ya kioo cha mbele na paa vikishawekwa. Ilinganishe na fremu ya kioo cha mbele, maana mara nyingi mlango wa chini ni mzuri na kosa liko juu. Legeza bolti zinazoishikiza kwenye mlango wa chini, weka shimu panapohitajika, kaza.

Jambo moja hukosewa na mafundi wengi: raba. Raba mpya ya mlango ni ngumu na nene, na husukuma mlango nje. Ukirekebisha mlango bila raba, siku utakayoiweka kitasa hakitafika. Kwa hiyo weka raba kabla ya kurekebisha kipokeo cha kitasa, kifunge mahali panaposhika bila nguvu, na acha milango imefungwa kwa siku kadhaa raba izoee. Ndipo ukaze kipokeo moja kwa moja. Kuhakikisha raba inagusa pote, paka chaki juu yake, funga, fungua, na utazame alama kwenye mlango. Palipo peupe pameguswa. Pasipo na alama ndipo vumbi la barabara ya Kilosa na maji ya masika yatakapoingia.

Uso wa mbele, madigadi na boneti

Milango ikikubali, kaza ukuta wa injini na bodi ya nyuma, ukirudia kuipima mianya kila baada ya bolti mbili tatu. Kukaza husogeza. Baada ya hapo weka fremu ya kioo cha mbele na paa, bado kwa kulegea, kisha kaza.

Simamisha uso wa rejeta katikati kwa kutumia timazi. Weka madigadi yote mawili kwa bolti chache: mbili kwenye ukuta wa injini, mbili kwenye uso wa mbele. Lete boneti, ilaze. Kazi yako sasa ni kuvifanya vipande vitatu, yaani digadi, boneti na digadi, vionekane vimekatwa kwa mkono mmoja. Boneti ikigusa kushoto na kuacha upenyo kulia, sogeza uso wa rejeta, si boneti. Ikiinuka nyuma, angalia bawaba zake kwenye ukuta wa injini. Matundu ya digadi yakipishana na ya ukuta kwa milimita mbili tatu, yapanue kwa tupa ya mviringo, uweke washa pana. Yakipishana kwa zaidi ya hapo, rudi nyuma: kuna kipimo ulichokiruka.

Ukilazimika kutoboa tundu jipya, toboa la kwanza kwa sindano nyembamba ya drili, ushikize kwa klampu, uangalie bodi nzima, ndipo upanue.

Alumini ina tabia zake

Kila unapoigonga au kuikunja, alumini huwa ngumu zaidi, na ikigongwa mno hupasuka. Ukihitaji kuikunja kona kali, ilainishe kwa moto. Pakaza sabuni ya mche juu yake, pasha kwa moto wa gesi ulio laini huku ukiusogeza, na acha pale sabuni inapogeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi. Usiendelee: alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya, na ukisubiri iwe nyekundu utakuta tundu. Ikipoa, itakunjika kwa mkono. Usipashe bati lote. Pasha mstari unaoukunja tu.

Usiichomelee kwa mashine ya kawaida ya vijiti vya chuma. Alumini huchomelewa kwa gesi ya argoni na fundi aliyeijua. Kama huna mtu huyo karibu, ulizia Morogoro mjini, pakiwemo chuo cha VETA pale Kihonda, au tumia riveti, maana hata kiwandani riveti zilitumika sana kwenye bodi hizi. Jiwe la grinda lililokata chuma lisiguse alumini: huacha chembe za chuma ndani yake, na chembe hizo huanzisha kutu. Tumia tupa na msasa wa peke yake.

Adui mwingine ni mguso wa alumini na chuma. Maji yakikaa kati yao, alumini huliwa na kuwa unga mweupe, rangi huvimba, na bolti hubaki imeshika hewa. Kila mahali vinapokutana, paka praima pande zote mbili, iache ikauke, kisha weka gundi ya kuzibia au ukanda wa plastiki kabla ya kufunga. Tumia bolti na washa zilizopakwa zinki. Acha wazi matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Fundi anayeyaziba kwa puti anaugeuza mlango kuwa ndoo.

Usalama

Kwenye 109 nyingi, hasa pikapu, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele, karibu kabisa na mikono ya chasisi na sakafu za miguu unazotaka kuchomelea. Toa tangi lote, lipeleke mbali, ziba mabomba. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa mafuta ndio unaolipuka. Ondoa waya wa betri pia. Weka ndoo za mchanga karibu.

Ukichomelea kipande kilichopakwa zinki, saga zinki yote pembeni mwa mshono, fanya kazi nje penye upepo, na vaa barakoa ya mchomeleaji. Moshi wa zinki huleta homa na kichefuchefu. Maziwa hayakukingi na moshi huo. Wala gari lisiinuliwe kwa jeki peke yake mtu akiwa chini: stendi ndizo zinazobeba, jeki hunyanyua tu.

Rangi, kisha barabara

Bodi nzima ikishakubali, piga picha za mianya, weka alama kwenye kila shimu, kisha ifungue tena. Ndiyo, ifungue. Rangi ipakwe vipande vikiwa vimetenganishwa, ili ifike mahali vinapokutana. Kwenye alumini tumia praima ya asidi kwanza. Rangi ya kawaida iliyopakwa moja kwa moja juu ya alumini hubanduka kama ganda. Puti iwe nyembamba sana. Puti nene kwenye gari linalojisokota barabarani hupasuka.

Funga tena kwa kufuata alama zako, ukikumbuka kwamba rangi nayo ina unene na inaweza kula sehemu ya milimita kwenye mwanya. Kisha lipeleke gari kazini, ila si kwa mzigo kamili. Lipitishe kwenye lami, halafu kwenye njia ya vumbi yenye makorongo, na ulisikilize. Rudi, pima mianya yote upya, kaza bolti zote upya. Baada ya wiki chache rudia. Bodi mpya hukaa chini ya uzito wake yenyewe, na bolti isiyokazwa mara ya pili ndiyo itakayopanua tundu lake.

Usiku, weka tochi ndani ya gari lililofungwa na uzunguke nje. Kila mwanga unaoonekana ni njia ya maji.

Vitunze vipande vya zamani

Wanunuzi wa chuma chakavu hupita kila kijiji, na alumini wanaipenda kuliko chuma, maana inayeyushwa kuwa sufuria. Mlango uliopinda, digadi iliyochanika, fremu iliyopasuka: vyote hupimwa kwa kilo na kwenda zake siku hiyo hiyo. Usiviuze mpaka kazi imekwisha kabisa. Kipande cha orijino, hata kikiwa kimepondeka, kina kitu ambacho nakala inaweza kukosa: mahali halisi pa matundu, umbo halisi la mkunjo, kimo halisi cha bawaba. Bati lake zima linaweza kukatwa na kuunganishwa kwenye fremu mpya, na ukingo wake unaweza kuwa kielelezo cha fundi wa kesho.

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilikusanya Land Rover kutoka pande nyingi za nchi kwenye tamasha lake, watu wakaona wingi wa magari haya yaliyo bado hai. Yameendelea kuishi kwa sababu ya mafundi wanaopima kabla ya kugonga. Basi mwenye gari, mpe fundi wako muda wa kupima, na umlipe kwa siku za kupima kama unavyomlipa kwa siku za kuchomelea. Nawe fundi, kijana anayejifunza kazi akiwa pembeni yako, mpe ashike ncha ya pili ya mpira wa maji. Nyundo ataijua tu. Kupima ndiko kunakofundishwa.